Simba Amechakaa Mfukoni au Kiwandani?

Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, naishi Leparua, kaunti ya Isiolo. Nyanya yangu, mama yake baba, alituacha mwaka jana. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake tulipata kopo la majani chai lenye hela za zamani: peni zenye tundu zimetungwa kwenye uzi, ndururu chache, thumuni mbili na shilingi saba za simba. Nyanya alikuwa akisema kwamba babu alizipata kwa kuuza ng'ombe wakati Waingereza walipopigana na Waitalia.

Shilingi moja ya mwaka 1946 ni tofauti na zile nyingine. Maandishi yake ni manene na yanaonekana kuandikwa mara mbili. Yale yaliyo karibu na ukingo yamevutwa kuelekea nje. Milima iliyo nyuma ya simba imefifia. Lakini shilingi yenyewe haijalika, bado inang'aa. Niliipeleka kwa mfanyabiashara mmoja mjini Isiolo, akaniambia hiyo ni "shilingi ya herufi mbili", kosa la kiwandani, na kwamba ana mnunuzi Dubai atakayelipa laki nane. Ila kwanza nitume shilingi elfu kumi na tano kwa simu, za kutengeneza cheti.

Kakangu mkubwa anataka tuuze mbuzi watatu siku ya soko, kabla mnunuzi hajabadili nia. Amu naye amechukua shilingi mbili akazisugua kwa jivu na limau mpaka zikawa nyeupe, anasema bei itapanda. Kuna moja nyingine ya 1942 yenye mstari kutoka shingoni mwa mfalme hadi ukingoni. Amu anasema huo ni mkwaruzo tu na anataka kuusugua pia. Nimeificha.

Nimekutumia picha. Je, ni kweli ni kosa la kiwandani? Tuuze mbuzi?

Msomaji wako, Leparua

* * *

Mwanangu, pole kwa msiba wa nyanya.

Mbuzi wasiuzwe. Nalitanguliza hilo ili kakako alisome kabla siku ya soko haijafika. Mnunuzi wa kweli wa sarafu humlipa muuzaji. Hamdai ada, wala cheti, wala bima, wala ushuru wa uwanja wa ndege. Anayetaka utume elfu kumi na tano kabla hajaishika sarafu mkononi, anachotaka ni hizo elfu kumi na tano, na akishazipata atakuwa na jingine la kudai wiki ijayo. Moyo wa mfanyabiashara huyo siujui, na huenda yeye mwenyewe amedanganywa na mtu aliye mbali. Jibu ni lile lile. Mwambie akate hiyo ada kwenye laki nane, akupe zinazobaki. Akikataa, mmemalizana, na hakuna haja ya kugombana.

Tuje kwenye shilingi yenyewe. Umeandika jambo moja lililonifurahisha sana: kwamba imefifia lakini bado inang'aa. Wapo watu waliouza sarafu miaka mingi bila kulitia maanani, na ndilo linalotatua swali lako. Shilingi yako haikuchakaa mfukoni mwa mtu. Kilichochakaa ni muhuri wa chuma ulioipiga, kule kiwandani, na shilingi ilitoka ikiwa hivyo hivyo unavyoiona. Kwa hiyo mfanyabiashara amepatia nusu: hali hiyo ilianzia kiwandani. Alipokosea ni kuiita kosa adimu. Muhuri kuchakaa ni jambo la kila kiwanda cha sarafu tangu wanadamu waanze kupiga pesa, na kila muhuri unaochakaa huzaa maelfu ya sarafu zinazofanana na yako.

Nitakueleza jinsi inavyotokea, maana ukishaielewa hakuna atakayekuyumbisha tena, awe wa Isiolo au wa Dubai.

Sarafu hupigwa, haimiminwi. Kisahani cha madini, bado kitupu pande zote mbili, huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mwingine juu, kikazungukwa na pete inayokizuia kutanuka. Mashine hubana kwa uzito wa makumi ya tani, na kwa pigo moja kile kisahani kimekuwa shilingi: mfalme upande huu, simba upande ule. Kumbuka kwamba kwenye muhuri kila kitu ni kinyume. Mahali simba alipoinuka kwenye sarafu, kwenye muhuri pana shimo la umbo la simba. Na uwanja mtupu unaomzunguka, ule unaouona laini, kwenye muhuri ndio uso ulioinuka, unaogonga madini kwanza na kusuguana nayo kuliko sehemu nyingine.

Madini yakibanwa kwa nguvu ile hutembea. Hayayeyuki, lakini hujisogeza kutoka katikati kwenda ukingoni, yakijaza mashimo ya herufi njiani. Pigo moja haliachi alama yoyote kwenye muhuri. Shida ni kwamba muhuri mmoja hupiga makumi ya maelfu ya sarafu, na ukiwa imara hufikia laki kadhaa, na kila mara madini hupita juu ya chuma kile kile kwa mwelekeo ule ule. Wewe umeona njia za ng'ombe zinavyokutana kisimani: hakuna ng'ombe aliyekusudia kuchimba, lakini misimu ikipita ardhi inabaki na mifereji, yote ikielekea sehemu moja. Muhuri uliozeeka una mifereji ya namna hiyo, myembamba kuliko unywele, inayotoka katikati kwenda nje. Sarafu inayopigwa nayo huinakili. Ndiyo maana kwenye picha yako ya pili, ile uliyoipiga juani, uwanja ulio kati ya herufi na ukingo unaonekana kuwa na vistari na vijivimbe badala ya kuwa laini.

Herufi huumia kwa sababu hiyo hiyo. Muhuri ukiwa mpya, kona kati ya herufi na uwanja ni kali, na herufi husimama wima. Kona hizo ndizo za kwanza kulainika. Zikishalainika, herufi hutelemka taratibu kuingia uwanjani, mguu wake hutanuka, na kwa kuwa madini yanakimbilia nje, upande wa herufi unaoelekea ukingo hunenepa zaidi. Tazama maneno EAST AFRICA kwenye shilingi yako, kisha uyatazame kwenye shilingi nyingine ya mwaka ule ule au wa jirani. Utaona kwamba herufi za sarafu iliyofifia zimevutwa, na kwamba zilizo karibu na ukingo zimeumia kuliko mwili wa simba ulio katikati. Huo mpangilio, katikati pazuri na pembeni pabaya, ni dalili ambayo mfuko wa suruali hauwezi kuiiga.

Sasa hizo "herufi mbili". Muhuri ukizidi kuchimbika, pembeni mwa herufi hujitokeza kivuli cha chini, bapa, chenye rangi iliyofifia, kikiifuata herufi upande mmoja. Jicho linaona herufi mbili. Hapo ndipo pesa za watu wengi zimepotea, kwa sababu zipo kweli sarafu chache duniani zenye herufi mbili ambazo ni za thamani kubwa, na wanaowinda wageni huzitaja hizo.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni senti ya Marekani ya mwaka 1955, yenye sura ya Lincoln. Zamani muhuri ulichongwa kwa kukandamizwa na chuma mama, kile chenye picha, zaidi ya mara moja. Mwaka huo, muhuri mmoja uligeuka kidogo kati ya mkandamizo na mkandamizo, ukatoka na picha mbili zilizopishana. Senti zilizopigwa nao zina tarehe mbili na maandishi mawili, kila moja limesimama kwa kimo chake, wala huhitaji kioo cha kukuzia ili uzione. Inakadiriwa kwamba elfu ishirini na kitu ziliingia mikononi mwa watu, na hadi leo hununuliwa kwa pesa nyingi. Lakini mwaka ule ule zilitoka senti nyingine ambazo tarakimu ya mwisho ya tarehe yake ina kivuli pembeni, nazo ziliuzwa kwa wanunuzi wapya kana kwamba ni ndugu za zile za kwanza. Wakusanyaji wa Marekani wamezipa jina linalomaanisha herufi mbili za maskini. Hizo ni kazi ya muhuri uliochakaa, na bei yake ni ndogo mno. Shilingi yako ya 1946, kwa ninavyoiona pichani, ni ya ukoo huo wa pili.

Unaweza kuzitenganisha mwenyewe. Pata kioo cha kukuzia kinachokuza mara tano hadi kumi. Sonara yeyote mjini anacho na atakuazima dakika tano. Tazama ncha za herufi, hasa mikia midogo kwenye herufi kama E na T. Ikiwa picha ni mbili za kweli, ule mkia utakuwa umepasuka mara mbili, na kati ya mikia hiyo patakuwa na pengo safi. Ikiwa ni uchakavu, hakuna pengo. Utaona herufi moja iliyonenepa, na pembeni yake ngazi ya chini isiyo na umbo lake yenyewe, inayoishia uwanjani bila mpaka. Kwenye picha zako sikuona mkia hata mmoja uliopasuka. Tazama kwa jicho lako na lenzi, kwa sababu picha ya simu huficha mambo, lakini sitarajii uone tofauti na nilichokiona.

Kuna jambo kakako atauliza, na ana haki ya kuuliza: tutajuaje kama si kuchakaa kwa kawaida tu, kwa kupita mikono mingi? Zima taa za nyumba usiku. Ishike sarafu kwa ukingo wake, uiwashie tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga ukitambaa juu ya uso wake, kisha uizungushe polepole. Sarafu ambayo haijatembea sana ina mng'ao unaozunguka nayo, miali inayokimbia kutoka katikati kwenda nje sarafu inapogeuka. Mng'ao huo unatokana na vile vistari vya madini yaliyotembea wakati wa kupigwa. Vidole na mifuko huufuta upesi sana, na hufuta kwanza palipoinuka: bega na manyoya ya simba, taji na nywele za mfalme. Kwa hiyo, kama manyoya ya simba yamekuwa bapa na bapa hiyo ina rangi tofauti, ya kijivu au ya kung'aa kwa kusuguliwa, sarafu imetembea. Kama manyoya yamefifia lakini mng'ao unapita juu yake bila kukatika, mfuko hauna hatia. Zilinganishe shilingi zako na usikubali kuamua kwa kutazama moja peke yake. Una shilingi saba, na hiyo ni bahati, maana zilizochakaa mikononi zitakufundisha zaidi ya maneno yangu.

Ziko sababu nyingine chache zinazofanya sarafu ifanane na hizi. Mashine ikibana kwa nguvu pungufu, madini hayafiki kwenye vina vya muhuri, na sehemu zilizoinuka kuliko zote hubaki tupu ilhali herufi za pembeni ni kali. Grisi na uchafu vikijaza shimo la herufi, herufi hiyo moja hupotea au hutoka nusu, na jirani zake wako salama. Mafundi wakiupiga muhuri msasa ili kuuondolea makovu, vitu vyembamba hufutika kabisa. Marekani wana sarafu ya 1937 ambayo nyati wake amebaki na miguu mitatu kwa sababu hiyo. Yako haina dalili za haya.

Ukitaka kujizoeza bila gharama, omba dukani shilingi za twiga, zile zilizozinduliwa Desemba 2018. Ni chuma kilichopakwa nikeli, na chuma ni madini yanayouchosha muhuri haraka. Zipange kumi juu ya kitambaa cheusi na utazame herufi za pembeni moja baada ya nyingine. Fanya hivyo pia kwa shilingi za Mzee Kenyatta za miaka ya sitini na sabini ukizipata. Neno HARAMBEE lililo kwenye utepe chini ya ngao ni dogo sana, na muhuri ukizeeka ndilo huanza kuzibika. Baada ya jioni moja utakuwa unatambua sarafu ya muhuri mpya na ya muhuri mzee bila kuambiwa.

Nisikuache ukidhani kwamba muhuri uliochakaa hauna maana yoyote. Una maana kubwa mahali ambapo mihuri ilikuwa michache na historia ilikuwa nzito, na mfano wa karibu nasi uko Tabora. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, meli za Waingereza ziliifungia pwani ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na pesa kutoka Berlin zikashindwa kufika. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kupiga pesa zao wenyewe kwenye karakana ya reli karibu na Tabora, kwa mashine ambazo hazikuundwa kwa kazi hiyo. Walipiga sarafu za shaba za heller 5 na heller 20, na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Muhuri wa tembo ulichongwa na sonara aliyetoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Kazi ilidumu miezi tu, kwa sababu Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora.

Tazama heller 20 za Tabora uone fundi alivyohangaika. Hakukuwa na chuma mama cha kunakili muhuri baada ya muhuri kama London. Kila ulipoharibika, ulichongwa mwingine kwa mkono. Kwa hiyo taji ni kubwa kwenye nyingine na dogo kwenye nyingine. Herufi L mbili za neno HELLER zina ncha zilizojikunja kwenye baadhi, ncha kali kwenye nyingine, na kwenye nyingine ni L ya pili peke yake iliyojikunja. Wakusanyaji huzipanga kwa tofauti hizo, na hufuatilia muhuri mmoja kuanzia ukiwa mkali hadi ulipopasuka. Kwao, sarafu iliyofifia ni ushahidi wa karakana iliyofanya kazi adui akikaribia. Mimi naipenda sana elimu hiyo. Hakuna karatasi ya siku kwa siku itakayotuambia fundi alichoka lini, lakini sarafu zinatuambia muhuri upi ulitangulia na upi ulifuata.

Wamarekani nao wana senti ya 1922. Mwaka huo senti zilipigwa Denver tu, na zote zilipaswa kuwa na herufi D. Mihuri ilitumiwa mpaka D ikafifia na kwenye baadhi ikapotea. Zisizo na D kabisa zina bei kubwa, ila wanunuzi ni wakali: wanataka zile za jozi moja ya mihuri, ambayo upande wa pili ulikuwa mpya na mkali, ili iwe dhahiri kwamba D haikufutwa na mikono ya watu. Zenye D hafifu bei yake ni ndogo zaidi. Ona jinsi hata pale uchakavu unapolipwa, kinacholipwa ni ushahidi unaoweza kukaguliwa, tena kwenye mwaka na kiwanda fulani.

Yako ina ushahidi gani? Kwenye picha nasoma herufi SA, yaani ilipigwa Pretoria, Afrika Kusini. Miaka ya vita na baada yake kidogo, shilingi zetu zilipigwa sehemu kadhaa. Ukiona I ni Bombay, H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na KN utakayoiona kwenye baadhi ya peni ni King's Norton, Birmingham pia. Shilingi za SA za 1946 zilipigwa kwa mamilioni. Simulizi ya nyanya inaingiana vizuri na sarafu zenu za miaka ya vita, maana mwaka 1940 na 1941 majeshi ya Uingereza yalipitia Isiolo kwenda kupigana na Waitalia, na serikali ilinunua ng'ombe wa kuwalisha askari. Hii ya 1946 iliingia koponi baadaye, vita vikiwa vimekwisha. Bei yake ni ya shilingi ya kawaida ya mwaka wake yenye mng'ao, pengine pungufu kidogo, kwa kuwa wanunuzi wengi hupenda picha kali. Laki nane haiko hapo, wala elfu nane.

Ndani yake mna fedha, robo moja tu. Shilingi za simba za 1921 hadi 1946 zina uzito wa karibu gramu 7.8, na fedha halisi ndani yake haifiki gramu mbili. Za 1948 hadi 1952 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Kwa hiyo sonara akitaka kuzinunua kwa kuyeyusha, usimpe. Kitu kilichotunzwa na nyanya kikishayeyushwa hakitarudi. Na ukikuta kwenye ule uzi peni ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane, jua kwamba mfalme huyo hakumaliza mwaka mmoja, lakini peni zake zilitoka nyingi sana. Atakayekuambia ni adimu kwa sababu utawala ulikuwa mfupi anarudia uvumi. Ni kumbukumbu nzuri, iache ikae kwenye uzi wake. Uzi huo alioutunga nyanya kwa mkono wake usiukate ili kuuza peni moja moja.

Amu aheshimiwe, lakini kopo lifichwe. Jivu hukwaruza na limau ni asidi: kwa pamoja vimeondoa mng'ao niliokueleza, ule ambao mnunuzi huutafuta kwanza na ambao hauwezi kurudishwa. Zile mbili alizosugua zimepoteza sehemu kubwa ya bei zake, na hata mimi sasa siwezi kuzisoma, maana alama za muhuri na alama za jivu zimechanganyika. Usimlaumu mbele ya watu. Mweleze kwamba weusi ulio kwenye fedha ya zamani ni ngozi yake, inailinda, na wanunuzi huilipia. Ukiona vumbi au mafuta, suuza kwa maji safi, gandamiza kwa kitambaa laini bila kusugua, uache ikauke. Kila moja iwekwe kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi, mbali na unyevu. Mifuko laini ya plastiki ya kawaida usiitumie, mingine hutoa mafuta yanayokula shaba.

Ukiamua kuuza baadhi, na sioni ubaya wa kuuza, uza kwa kuonana uso kwa uso, baada ya kuuliza bei kwa wanunuzi wasiopungua watatu wasiojuana. Nenda na mtu mzima unayemwamini. Muulize mnunuzi akuonyeshe kwa lenzi kile anachodai kukiona. Anayejua ataonyesha kwa kidole, na anayebabaisha atataja Dubai.

Umefanya vyema kuificha ile ya 1942, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikuandikie marefu hivi. Mkwaruzo ni bonde, umechimbwa kwenye sarafu. Lakini muhuri wa chuma ukipasuka, madini huingia ndani ya ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Huwezi kuinua mstari kwenye sarafu kwa kuikwaruza. Basi weka tochi ubavuni usiku, na utazame kivuli cha mstari huo. Kikianguka upande wa mbali na tochi, nje ya mstari, umeinuka. Kikikaa ndani ya mstari, upande ulio karibu na tochi, ni mkwaruzo kama anavyosema amu. Ukikuta umeinuka na unapita juu ya herufi bila kukatika, ni ufa wa muhuri, hatua ya mwisho kabisa ya uchakavu kabla chuma hakijatupwa. Utaongeza bei kidogo tu, usikiambie chochote kikao cha familia kuhusu malaki. Lakini nataka kuuona. Piga picha mbili, moja tochi ikiwa kushoto na nyingine ikiwa kulia, bila kuisogeza sarafu, kisha picha ya tatu ya herufi ndogo ya kiwanda upande wa simba. Ikiwa ni I, nipigie na picha ya ukingo wake pia.